Nta, utambi na kalibu: maneno na vifaa vya anayeanza kutengeneza mishumaa

Wahenga walisema nta si asali, na warina asali wengi wamelichukua neno hilo kama lilivyo: asali ikishakamuliwa, masega hutupwa kichakani na kuachiwa sisimizi. Mtengenezaji wa mishumaa huanzia pale pale mrina asali anapoishia. Sisi wa Tanga tuko karibu na neema hiyo, kwa kuwa Handeni na Kilindi ni wilaya za mkoa huu huu zenye wafugaji wa nyuki, na mtu mwenye subira anaweza kuipata nta kwa mfugaji mwenyewe badala ya kungoja mzigo wa kutoka ng'ambo. Hata hivyo, kabla ya kununua chochote ni vyema kuyajua majina ya vitu na kazi ya kila kimoja, kwa sababu katika ufundi huu maneno mawili yakichanganywa ni fedha zinazopotea.

Chukua neno parafini. Ukiingia nalo dukani unaweza kuoneshwa pipa la mafuta ya taa, kwa sababu Waingereza huyaita mafuta ya taa kwa jina hilo, na wazee wetu wengine wakalipokea hivyo hivyo. Parafini ninayoizungumzia hapa ni nta ngumu, nyeupe, isiyo na harufu, inayotokana na mafuta ghafi ya petroli na kuuzwa kwa mabamba au punje ndogo. Mwambie mwuzaji kwamba unataka nta ya mishumaa, naye atakuelewa bila kukuuliza kama umekuja na chupa.

Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba kinachowaka katika mshumaa ni nta, wala si utambi. Moto huyeyusha nta iliyo chini yake, nta hiyo hupanda kwenye utambi kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari, na ikifika juu hugeuka mvuke. Mvuke huo ndio unaoungua na kutoa mwanga. Ile nta ya majimaji inayokaa kuzunguka utambi nitaiita kidimbwi, na tutairudia mara nyingi. Kwa hiyo mshumaa mzuri ni mapatano ya vitu vitatu: aina ya nta, unene wa utambi na upana wa mshumaa wenyewe. Ukibadilisha kimoja, viwili vilivyobaki vinataka kutazamwa upya.

Nta na tabia zake

Sifa ya kwanza ya kuuliza kuhusu nta yoyote ni kiwango chake cha kuyeyuka, yaani joto ambalo nta ngumu hugeuka kuwa majimaji. Nta ya nyuki huyeyuka kati ya nyuzijoto 62 na 64 za Selsiasi. Parafini ni familia nzima, kuanzia zile laini za nyuzijoto 46 hivi hadi ngumu za karibu 68, na ndiyo maana si busara kununua parafini bila kuuliza ni ya kiwango gani. Kwa mshumaa wa kusimama peke yake katika joto letu, mimi singechukua ya chini ya 56, na miezi ya kaskazi ningependa iwe ya 58 au zaidi. Nta ya soya, inayotokana na mafuta ya maharage ya soya, huyeyuka karibu na nyuzijoto 50, kwa hiyo ni ya kumimina kwenye glasi au kopo, haifai kusimama bila chombo.

Mafuta ya nazi ndiyo yaliyonifunza somo. Nilipoanza niliona parafini ni ghali, na nazi kutoka Pangani na Muheza zimejaa sokoni, nikachanganya theluthi moja ya mafuta ya nazi na theluthi mbili za nta. Asubuhi mishumaa ilitoka kwenye kalibu (moldi) ikiwa imenyooka na kung'aa, nami nikaipanga mezani karibu na dirisha. Baada ya adhuhuri nilikuta yote imeinama upande mmoja kama ndizi, na iliyokuwa pembeni imelala kabisa. Sababu ni nyepesi: mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzijoto 24 hivi, na Tanga mchana wa kaskazi hupita hapo kwa mbali. Tangu siku hiyo mafuta ya nazi nayatia kidogo tu katika mishumaa ya kwenye chombo, ambamo hata yakilainika hayana pa kwenda.

Nta ya nyuki ukiipata ikiwa bado ni masega, itabidi uisafishe mwenyewe. Yatie masega kwenye sufuria pamoja na maji, kwa kuwa nta ni nyepesi kuliko maji na huelea juu yake. Pasha taratibu bila kuyachemsha kwa nguvu, kisha chuja mchanganyiko wote kupitia kitambaa cha pamba kilichochakaa, kile ambacho kanga imekuwa baada ya miaka kumi, ukikikamua kwa vijiti viwili ili usiungue mikono. Acha majimaji hayo yapoe hadi kesho yake bila kuyatikisa. Asubuhi utakuta bamba la nta ya manjano limeganda juu, maji ya rangi ya chai chini yake, na upande wa chini wa bamba kumeng'ang'ania makapi ya kijivu yanayofanana na tope la mikoko. Yakwangue kwa kisu, rudia kazi mara ya pili, na nta itakuwa safi ya kutosha. Tumia sufuria ya aluminiamu au ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu chuma cha kawaida huifanya nta kuwa nyeusi na shaba huipa rangi ya kijani.

Jina jingine utakalolikuta ni stearini, ambayo wengine huiita asidi ya steariki. Ni unga au punje nyeupe zinazotoka katika mafuta ya mawese au ya wanyama, na huyeyuka karibu na nyuzijoto 69. Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeonesha namna mafuta yanavyoundwa, na mwaka 1825 yeye na mwenzake Gay-Lussac wakapata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kutengenezea mishumaa kwa asidi zitokanazo na mafuta, hatua iliyoanza kuwaondoa watu kwenye mishumaa ya mafuta ya wanyama iliyokuwa ikinuka na kutoa moshi. Sisi huitia stearini katika parafini kiasi cha asilimia 5 hadi 10, yaani gramu 50 hadi 100 kwa kila kilo. Huufanya mshumaa kuwa mgumu na mweupe usiopenya mwanga, na kwa kuwa hunywea kidogo inapoganda, huusaidia kuachia kalibu. Ikiwa kalibu zako ni za mpira, tumia kidogo, maana stearini huzila taratibu.

Utambi

Hapa ndipo waanzaji wengi hukwama, na hapa ndipo nitakaa zaidi. Utambi unaofaa ni wa pamba uliosukwa. Uzi uliopotwa tu hufumuka ukiungua, na nyuzi za katani, ingawa Tanga ndiyo nyumbani kwa mkonge, ni ngumu na hazinyonyi nta vizuri. Hizo zitumie kufungia mishumaa unapoipeleka dukani, zinapendeza. Tambi za majiko ya mchina nazo ni za pamba, lakini zimetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya taa, na ni nene mno kwa mshumaa wa kawaida. Ukiuweka mmoja katika mshumaa mwembamba utapata mwenge wa kutilia dari masizi.

Tatizo la pili ni uzi unaouzwa kwa jina la pamba na si pamba. Nilikuwa nimenunua bunda zima pale Ngamiani, hapa hapa Tanga, na mishumaa yangu ikawa inawaka dakika mbili na kuzimika, inawaka na kuzimika. Fundi cherehani mmoja mzee, ambaye nilikwenda kumlalamikia zaidi kuliko kumwomba msaada, alichomoa uzi mmoja, akauwasha kwa kiberiti na kunionesha. "Habari za uzi, mwanangu, uliza moto," akasema. Pamba huungua kwa mwali wa utulivu, hunuka kama karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini la kijivu linalopukutika ukilisugua kwa vidole. Uzi wa plastiki hujikunja na kuukimbia moto, hunuka kama mfuko wa rambo uliotupwa jikoni, na mwishoni huacha kishanga cheusi kigumu. Wangu uliacha vishanga. Plastiki iliyoyeyuka ilikuwa ikiziba njia ya nta, na mwali ukifa kwa njaa huku umekalia chakula.

Tambi za dukani hupatikana za aina kadhaa. Ule bapa uliosukwa kama ukili hupinda kichwa unapoungua, na kwa kuwa kichwa hicho hutoka nje ya mwali na kukutana na hewa, huteketea chenyewe. Kabla ya Mfaransa Cambacérès kuuleta utambi wa kusukwa mwaka 1825, ilibidi mtu asimame na mkasi kila baada ya muda akate ncha iliyorefuka. Utambi wa msuko wa mraba ni mnene na imara zaidi, na huifaa nta ya nyuki, ambayo ni nzito kupanda. Aina ya tatu ina kiini ndani yake, cha karatasi, cha pamba au cha zinki, ili usimame wima kwenye glasi. Zamani viini vingine vilikuwa vya risasi, ambayo ni sumu, na Marekani ilivipiga marufuku mwaka 2003. Ukikutana na utambi wenye waya usioujua, ufunue na kuusugua waya huo kwenye karatasi nyeupe: ukiacha alama ya kijivu kama ya penseli, usiutumie.

Ukiamua kusuka mwenyewe, loweka kwanza uzi wa pamba katika kikombe cha maji ya moto yenye kijiko kikubwa kimoja cha chumvi na viwili vya boraksi, ambayo ni unga mweupe wa madini. Uache humo usiku kucha, kisha uanike mpaka ukauke kabisa, jambo ambalo kwa unyevu wa pwani laweza kuchukua siku mbili au tatu. Dawa hiyo hupunguza majivu na kuufanya utambi usiteketee haraka kuliko nta. Kisha utambi wowote, uwe wa kununua au wa kusuka, hushibishwa: huchovywa katika nta iliyoyeyuka hadi vipovu vya hewa viishe kutoka, hunyooshwa, na huachwa ugande kama kijiti. Kwa mishumaa ya kwenye vyombo utahitaji pia kisahani cha utambi, yaani kibati kidogo chenye tundu katikati, kinachobanwa kwenye mwisho wa utambi ili usimame chini ya glasi bila kuelea.

Kalibu na vyombo

Kalibu, ambayo wengi huiita moldi, ni chombo cha kuipa nta umbo. Mshumaa hutolewa ndani yake baada ya kuganda. Chombo cha mshumaa ni kile unachobaki nacho, kama glasi au kopo. Kuna mashine ndogo zenye safu za mabomba ya aluminiamu yanayopozwa kwa maji, zinazotoa mishumaa mingi kwa mkupuo mmoja, na aliye na nia ya biashara anaweza kuulizia mashine za aina hiyo katika ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Wa kuanzia nyumbani anatosheka na boksi gumu la maziwa lililooshwa na kukaushwa, ambalo huchanwa na kutupwa mshumaa ukishaganda. Kwa nta ya nyuki kalibu za silikoni ni bora, kwa kuwa nta hiyo hung'ang'ania. Ukitumia ya bati, ipake mafuta ya kula kidogo sana kwa kitambaa.

Wageni wanaotembelea pwani hupenda mishumaa ya kwenye vifuu vya nazi, nami sina ugomvi navyo, ila vina mambo yake. Kifuu kina macho matatu, na moja kati ya hayo ni laini. Nta ya moto hupenyea hapo na kukukuta umeshatulia. Lizibe kwa nta iliyopoa nusu kabla ya kumimina. Pia kifuu ni kuni, kwa hiyo acha nta ya sentimita moja au mbili chini ya kisahani cha utambi, na mnunuzi aambiwe azime kabla moto haujafika huko.

Ili kujua nta kiasi gani inahitajika, jaza chombo maji mpaka pale unapotaka mshumaa uishie, yapime kwa mililita, kisha zidisha kwa 0.9 ikiwa ni parafini au 0.96 ikiwa ni nta ya nyuki, na jibu ni gramu. Chombo cha mililita 200 kitataka gramu 180 za parafini. Kausha chombo vizuri baada ya hapo, kwa sababu tone la maji likikutana na nta ya moto huruka kwa kishindo.

Rangi na harufu

Rangi za chakula zinazoyeyuka katika maji hazichanganyiki na nta. Huzama chini na kukaa huko kama shanga. Krayoni za watoto huchanganyika, lakini chembe zake huziba utambi. Nunua rangi ya mishumaa inayoyeyuka katika mafuta, na uanze na kiasi kidogo kuliko unavyodhani.

Harufu huingia kwa asilimia 3 hadi 6 ya uzito wa nta, kwa hiyo nusu kilo haihitaji zaidi ya gramu 30. Mafuta ya mchaichai na ya karafuu hufanya vizuri. Uturi wenye spiriti usiutie kabisa, kwa kuwa spiriti hushika moto, na maua makavu ya asmini juu ya mshumaa ni mapambo ya picha: mwali ukiyafikia yanakuwa tambi kumi badala ya moja.

Kuyeyusha na kumimina

Nta haiwekwi moja kwa moja juu ya moto. Weka kopo au sufuria ya nta ndani ya sufuria kubwa yenye maji, na chini yake uweke vijiti au kibati ili kopo lisigusane na kitako cha sufuria. Maji yanayochemka hayapiti nyuzijoto 100, na parafini huhitaji joto la karibu 200 ndipo mvuke wake uweze kudaka moto, kwa hiyo maji hayo ndiyo mlinzi wako mpaka yatakapokauka. Usiondoke jikoni, hata ukiitwa mara moja tu. Nta ikishika moto, zima jiko na ufunike kwa mfuniko. Maji usiyamwage, kwa maana hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha nta inayowaka chumba kizima. Mabaki nayo usiyamimine kwenye sinki.

Kipimajoto ni kifaa ambacho sikukinunua mwaka wangu wote wa kwanza, na najuta. Parafini ya kwenye kalibu humiminwa kati ya nyuzijoto 80 na 90, nta ya nyuki kati ya 70 na 75. Funga utambi kwenye njiti ya mshikaki iliyolazwa mdomoni mwa kalibu ili ukae katikati, mimina polepole kutoka upande mmoja, na ubakize nta kidogo koponi. Nta hunywea inapopoa, na katikati, kando ya utambi, patatokea shimo. Utando ukishajitokeza juu, toboa kwa njiti kando ya utambi na ujaze ile uliyobakiza. Hiyo ndiyo huitwa mimino ya pili, na bila hiyo utauza mshumaa wenye pango ndani yake. Zima feni mshumaa unapoganda, kwa sababu upepo hupoza upande mmoja na kuupasua.

Njia nyingine ni kuchovya. Utambi huingizwa katika chombo kirefu chenye nta ya nyuzijoto 70 hivi, hutolewa, huachwa dakika mbili tatu, na huchovywa tena hadi ufikie unene unaotakiwa. Ukiuacha ndani muda mrefu, nta mpya itayeyusha ya zamani na mshumaa utapungua badala ya kunenepa.

Kuujaribu mshumaa

Uache mshumaa ukae siku moja au mbili, kata utambi ubaki milimita 5 au 6, kisha uuwashe mahali pasipo na upepo. Kanuni ya mafundi ni saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za upana, na baada ya muda huo tazama kidimbwi. Kikifika kando kote kikiwa na kina cha sentimita moja hivi, utambi wako umefaa. Kikibaki katikati na mshumaa kuchimbika kama kisima huku kuta zimesimama, utambi ni mwembamba. Mwali ukiwa mrefu, unacheza na kutoa masizi, au ncha ya utambi ikiota kichwa cheusi kama uyoga, utambi ni mnene, au harufu na rangi vimezidi. Mshumaa ukilia, yaani nta ikatiririka ubavuni, tazama kwanza kama utambi uko katikati na kama kuna upepo, ndipo uulaumu utambi. Vumbi jeupe linalotokea juu ya nta ya nyuki baada ya wiki kadhaa si kasoro; ni tabia yake, na huondoka kwa kusuguliwa na kitambaa laini.

Mimi hutengeneza mishumaa mitatu ya nta ile ile na upana ule ule, kila mmoja na utambi wa unene wake, na kuandika chini ya kila mmoja kwa msumari aina ya nta, namba ya utambi na tarehe. Ule ulioungua vizuri ndio ninaonunulia bunda la utambi. Siku nikibadilisha mwuzaji wa nta, hata kama anaapa kwamba ni ile ile, naanza tena na mishumaa mitatu.